Misingi ya Kimyalojia: Uainishaji wa Mambo Yasiyofika Mtua

Utangulizi

Wanazuoni wa vyombo vya habari wana mazoea ya kuchunguza yaliyosemwa. Hupima safu za magazeti kwa rula, huhesabu dakika za taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kisha hutoa kitabu kinene kinachothibitisha kwamba rais hutajwa zaidi kuliko mbunge, na mbunge hutajwa zaidi kuliko mganga wa zahanati. Ni kazi njema, tena haina hatari. Lakini uwanja mpana kuliko wote umebaki bila mtu, nao ni uwanja wa yale ambayo hayakusemwa. Makala haya yanaanzisha taaluma ya kuushughulikia. Tumeiita Kimyalojia, na tunaipatia hapa makundi, kanuni, pingamizi na mapendekezo, kama inavyostahili kila taaluma inayotarajia ruzuku.

Maabara yetu ni Mtua, katika nchi ya mikorosho inayogawanywa na wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, iko mbali na studio. Kampuni kubwa za habari za nchi hii hukaa Mikocheni, Tabata na mitaa mingine ya Dar es Salaam, na moja kubwa iko Mwanza. Hakuna iliyowahi kukosea njia ikajenga huku. Pili, Mtua hupokea habari za kila mtu na haitoi ya kwake, kwa hiyo sampuli haijachafuliwa. Tatu, Kusini kwa jumla kumeipatia serikali mawaziri wa habari kwa wingi usiolingana na habari zake, jambo ambalo tutalirudia katika sehemu ya kanuni kwa sababu linahitaji ufafanuzi wa kisayansi.

Nadharia tunayoitetea ni fupi. Nguvu ya kisiasa ya kampuni kubwa ya habari haimo hasa katika uongo inaoweza kuutangaza. Imo katika ukweli inaoweza kuuacha bila mtu yeyote kugundua kwamba kuna kilichoachwa.

Mbinu na vifaa

Utafiti huu hautumii takwimu, na sababu yake ni ya kisheria kuliko ya kitaaluma. Septemba 2018 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Takwimu ya 2015, kuchapisha takwimu zenye kuzitia dosari zile rasmi kukawa jinai. Mwaka uliofuata makali hayo yalipunguzwa, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo kila penye haja ya kuhesabu tumetumia vipimo vilivyothibitishwa na mababu: wengi, wachache, na hata mmoja.

Vifaa vilivyotumika ni redio ya betri, king'amuzi kimoja, simu janja yenye bando la wiki, ubao wa matangazo wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), na kijiwe. Kijiwe ndicho kifaa sahihi kuliko vyote, kwa kuwa hurekodi mambo ambayo vifaa vingine vinne haviyapokei. Udhaifu wake ni kwamba hurekodi pia mambo ambayo hayakutokea.

Kimya cha kisukuku

Kielelezo cha kale zaidi cha kimya katika eneo hili kiko ardhini, kama inavyopasa kisukuku. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Afrika Mashariki ili kumaliza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Mapema 1947 mpango ukatangazwa: ekari milioni 3.2, pauni milioni 25, na sehemu kubwa kuliko zote iwe huku Kusini, Nachingwea ikiwa makao. Magazeti ya London yalishangilia matrekta. Shirika la Overseas Food Corporation, lililoichukua kazi hiyo mwaka 1948, liliajiri hadi watu wa habari. Mmoja wao, Alan Wood, alikuja kuacha kazi akaandika kitabu, *The Groundnut Affair*, kilichotoka mwaka 1950. Januari 1951 mpango ulifutwa, hasara ikiwa kama pauni milioni 36. Magazeti yaleyale yakageuka kuwacheka waliosifiwa. Reli iliyojengwa kuja Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki ni jina la Stesheni, ambayo sasa ni kata isiyosubiri treni yoyote.

Mwanakimyalojia huona hapa jambo ambalo wanahistoria hupita nalo mbio. Magazeti yaliyosifu na magazeti yaliyokejeli yalikubaliana katika nukta moja: hakuna aliyemuuliza Mmwera, mwenyeji wa huku. Mtu aliyekuwa akilima mtama, muhogo na karanga zake kwa jembe la mkono kwenye udongo uleule, akijua mvua inakuja lini na udongo unakauka vipi, hakuwa chanzo cha habari wakati wa kusifu, wala hakuwa chanzo wakati wa kucheka. Tunapata hapa kanuni ya awali: kimya hakijali chombo kinasifu au kinakosoa. Mkosoaji na msifiaji wanaweza kugombana usiku kucha huku wote wawili wamekalia mdomo wa mtu mmoja.

Vyombo kwa lishe yake

Kabla ya kuainisha kimya ni lazima tuwaainishe wanaokizalisha. Wataalamu wengine hupanga vyombo kwa lugha, kwa masafa au kwa idadi ya wasikilizaji. Sisi tumevipanga kwa chakula, kwa kuwa mnyama hujulikana kwa anachokula na hutabirika kwa anayemlisha.

Kundi la kwanza ni *Wala-ruzuku*. Humo mna TBC, pamoja na kampuni ya magazeti ya serikali yenye Daily News na HabariLeo. Asili ya kundi hili inafundisha. Gazeti la The Standard lilikuwa mali ya Lonrho, kampuni ya Uingereza yenye migodi na mashamba, mpaka Mwalimu Nyerere alipolitaifisha Februari 1970 ili wananchi wasisomeshwe na bwana wa migodi. Mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist la chama, likazaliwa Daily News, na mhariri wake akawa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, jirani zetu. Tangu hapo wananchi hawakusomeshwa tena na bwana wa migodi. Walisomeshwa na mwenye kumteua mhariri.

Kundi la pili ni *Wala-ada*, yaani Uhuru na Mzalendo, magazeti ya chama tawala. Kundi hili halina haja ya maelezo marefu, kwani lenyewe halijawahi kujificha.

La tatu ni *Wala-kiwanda*. Hawa walichanua baada ya soko huria: IPP ya Reginald Mengi, iliyoleta ITV mwaka 1994; Azam, tawi la nyumba ya Bakhresa inayouza pia unga, juisi na tiketi za boti; na New Habari, iliyohusishwa na Rostam Aziz. Tabia yao ilionekana wazi Aprili 2009. Mengi aliita waandishi, akawataja wafanyabiashara watano kwa jina la mafisadi papa, na ITV ikayarusha. Rostam, mmoja wa waliotajwa na wakati huo mbunge wa Igunga, akajibu kwamba Mengi mwenyewe ni nyangumi wa ufisadi. Kwa wiki kadhaa taifa lilipata elimu ya viumbe vya baharini kutoka kwa wamiliki wa vyombo viwili, kila mmoja akiwa na wino wake. Waziri wa Habari wa wakati huo, George Mkuchika wa Newala, aliingilia kumkemea Mengi kwa namna alivyokitumia chombo chake. Mtua, iliyo mbali na bahari, ilijifunza jambo moja la kudumu: papa na nyangumi wakipigana, dagaa ndiye hupewa vipeperushi.

Kundi la nne ni *Wala-mtaji wa jirani*, yaani Mwananchi Communications, yenye Mwananchi, The Citizen na Mwanaspoti, iliyo chini ya Nation Media Group ya Nairobi, kampuni iliyoasisiwa na Aga Khan. Alama ya kundi hili ni kuwa na sauti mbili, moja kila upande wa Namanga, kama tutakavyoona.

Makundi yote manne, yakiwa na njaa, hukutana kwenye sahani moja: matangazo ya serikali na mashirika yake. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari Maelezo jukumu la kuratibu matangazo hayo, yaani kijiko kilikabidhiwa kwa mtu yuleyule aliyekuwa na kufuli la leseni za magazeti. Mpangilio huo uliguswa na marekebisho ya 2023. Hatuna haja ya kueleza kilichotokea katikati. Mwenye njaa ana kumbukumbu.

Aina za kimya

*Kimya cha Msafara.* Hiki ndicho kimya chenye kelele kuliko vyote. Maskani yake ni barabara kuu. Alama zake: ving'ora, vumbi, kofia za chama, na mwandishi aliyepewa siti katika gari la tatu kutoka mwisho. Chakula chake ni nauli na posho, kwa kuwa mwandishi wa wilayani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka, na habari hutoka palipo na usafiri. Ruangwa imetupatia sampuli bora kabisa za kimya hiki, kwa kuwa mbunge wake kuanzia 2010 hadi 2025, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi ya mwisho. Tunasisitiza kwamba wilaya kupata misafara si kosa la wilaya. Lakini tazama jinsi kimya kinavyofanya kazi. Kituo cha afya huzaliwa kwenye taarifa ya habari siku ya kukata utepe, na hufariki kwenye taarifa ya habari siku hiyohiyo. Kufunguliwa kuna tarehe, kuna mgeni rasmi na kuna ngoma. Dawa zikiisha, hakuna utepe wa kukata. Uhaba hauna saa ya kuanza, hauna itifaki, hauitishi waandishi. Msikilizaji wa Mtua anayefuatilia habari kwa makini ataijua idadi ya majengo yaliyofunguliwa Kusini, na hatajua hata moja lina nini ndani.

*Kimya cha Bei.* Kimya hiki huonekana msimu wa korosho. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnada. Novemba 10 Rais Magufuli akawaondoa Waziri wa Kilimo na Waziri wa Viwanda na Biashara. Novemba 12 akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kwamba jeshi litasomba. Kamera zilikuwepo, na malori ya jeshi yalipendeza kwenye picha. Januari 30, 2019 ikaja picha nyingine: meza, kalamu na mkataba wa kuiuzia kampuni ya Kenya iitwayo Indo Power Solutions tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Kufikia Mei mwaka huohuo mkataba ulikuwa umekufa. Katikati ya picha hizo mbili kulikuwa na uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba ili asije akawa mnunuzi wa kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, na malipo yakawa ya kusuasua. Kisayansi jambo ni lilelile la Msafara. Siku ya kutangaza bei ni siku. Siku ya kutolipwa haina tarehe, kwa sababu inafanana na ya jana yake. Mhariri aliye Tabata hawezi kuandika kichwa cha habari kisemacho "Leo Tena Hawakulipwa". Na mkulima wa Mtua, ambaye salfa ya msimu ujao ilikuwa inamngoja, hakuhitaji kichwa cha habari kulijua hilo. Waliolihitaji ni watu wa mbali wenye uwezo wa kumuuliza waziri.

*Kimya cha Swichi.* Hiki huzalishwa kwa kuzima. Januari 2016 Waziri wa Habari Nape Nnauye, mbunge wa Mtama, jimbo jirani, alilieleza Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao mbashara kwa sababu ya gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Mtua ikaendelea kumchagua mbunge, ila haikuweza tena kumwona kama amelala. Machi 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliingia usiku katika ofisi za kituo cha utangazaji cha Clouds akiwa na askari wenye silaha. Nape aliunda kamati ya kuchunguza uvamizi huo, akaipokea ripoti, na keshoye akaondolewa uwaziri. Alipotaka kuzungumza na waandishi hotelini akazuiwa, mtu mmoja akamtolea bastola, na akalazimika kuhutubia akiwa amechomoza juu ya gari. Kimyalojia haina kielelezo safi kuliko hiki: aliyeizima kamera ya Bunge alijikuta akiitafuta kamera barabarani, na kamera za kampuni binafsi ndizo zilizomwonyesha.

Mwaka huohuo mrithi wake, Harrison Mwakyembe, aliagiza redio na televisheni zisome vichwa vya habari tu vya magazeti, zisiingie ndani. Mijini agizo hilo lilikuwa kero ndogo. Kwa kijiji ambacho gazeti hukifikia kwa kusomwa redioni, lilikuwa sawa na kuambiwa jina la mgonjwa bila ugonjwa. Mwaka 2018 ikawa zamu ya ving'amuzi. Kwa amri ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ITV na chaneli nyingine za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku, kwa kuwa leseni za kampuni hizo hazikuruhusu. Mwenye dishi kijijini alinunua mpira, akapoteza taarifa ya habari.

*Kimya cha Leseni.* Kimya hiki hupatikana kwa vipimo maalumu, kama dawa. Kuna cha siku 7 (The Citizen, Februari 2019, baada ya habari ya kushuka kwa shilingi), cha siku 90 (Raia Mwema na Tanzania Daima, 2017), cha miezi 24 (Mawio na Mwanahalisi, 2017) na cha miezi 36 (Mseto, 2016). Tanzania Daima baadaye lilipewa dozi ya kudumu, Juni 2020. Kuna pia aina inayokwenda kwa faini: Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa jumla ya shilingi milioni 60 kwa kutangaza taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu ukiukwaji wa haki katika uchaguzi mdogo wa madiwani. Hata Wala-ada hawakusalimika. Agosti 2021 Uhuru lilifungiwa siku 14 kwa kichwa cha habari kilichodai Rais Samia hana wazo la kugombea 2025. Februari 2022 Nape, akiwa amerudi uwaziri, aliyafungulia magazeti manne. Oktoba 2024 Mwananchi Communications ikafungiwa siku 30 mtandaoni kwa katuni ya video. Ugonjwa, kwa hiyo, hubadilika na msimu.

*Kimya cha Dimba.* Tunakitaja kwa heshima, kwa sababu kinapendwa. Namungo FC ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi barani Afrika. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka kumi wa haki za televisheni za ligi, shilingi bilioni 225.6. Mwenye kuonyesha ligi ana timu yake katika ligi hiyo, na jina lake wakati huo lilikuwa katika kombe. Hatudai kwamba kuna hila. Tunadai tu kwamba jina la Ruangwa lilitajwa nchini mara nyingi kuliko wakati wowote, na mara nyingi katika sentensi yenye neno "kona". Kwa watazamaji wa Mbeya au Tanga, Ruangwa ni mahali ambapo Simba na Yanga huenda kupata tabu ya pointi tatu. Shule, ubwiriunga wa mikorosho na maji havimo ndani ya mistari ya chaki.

*Kimya Kikuu.* Hiki hutokea mara chache na huonekana kutoka nchi nyingine. Baada ya Februari 27, 2021 Rais Magufuli hakuonekana hadharani. Machi 10 gazeti la Nation la Nairobi liliandika juu ya "kiongozi wa Afrika" aliyelazwa jijini humo, bila jina. Machi 12, baada ya sala ya Ijumaa mjini Njombe, Waziri Mkuu aliwaambia waumini kwamba Rais ni mzima na anachapa kazi. Polisi walikamata watu kwa kueneza uvumi. Machi 17 Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akalitangazia taifa msiba. Katika siku hizo kila kijiwe nchini kilijadili jambo moja, na taarifa ya habari ya saa mbili ilijadili mengine yote. Gazeti la Nation na gazeti la Mwananchi yana kampuni mama moja. Lakini Mwananchi lilikuwa limefungiwa mtandao miezi sita mnamo Aprili 2020 kwa picha ya Rais akinunua samaki, na halikuhitaji kukumbushwa. Sauti ya kwanza ya kampuni ilinong'ona. Sauti ya pili, upande huu wa Namanga, iliutazama ukuta.

Kanuni za Kimyalojia

Kutokana na sampuli hizo tunapata kanuni tatu.

*Kanuni ya Umbali.* Jambo la Mtua hupungua uzito kadiri linavyoikaribia Dar es Salaam; kauli ya Dar es Salaam huongezeka uzito kadiri inavyoikaribia Mtua.

*Kanuni ya Funzo.* Adhabu kwa chombo kimoja ni semina ya bure kwa vyombo vyote. Waziri aliyefungia gazeti moja hana haja ya kuyapigia simu magazeti mengine kumi. Mhariri mwenye wafanyakazi mia na mkopo benki hujifunza kufuta sentensi kabla ya mtu yeyote kumwambia, kisha hujiambia kwamba sentensi ile haikuwa nzuri. Kadiri kampuni inavyokuwa kubwa, ndivyo ina mengi ya kupoteza, na ndivyo sentensi nyingi huonekana mbaya.

*Kanuni ya Mali Ghafi.* Mkapa wa Masasi aliwahi kuwa Waziri wa Habari, Mkuchika wa Newala akawa, Nape wa Mtama akawa mara mbili. Kusini basi hakukosa watu wa kuisimamia habari. Kumekosa habari yenyewe. Maelezo tunayopendekeza ni ya biashara. Habari zetu husafirishwa kama korosho zetu, zikiwa ghafi: hukusanywa kwa bei ya mnunuzi, hubanguliwa mbali, na hurudi zikiwa zimewekwa chumvi ya watu wengine, kwa bei ambayo aliyezilima hawezi kuinunua.

Pingamizi na majibu

*Pingamizi la kwanza:* Siku hizi kuna simu janja, kwa hiyo kimya kimekwisha. Jibu: simu huondoa umbali, haiondoi woga. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu kukata leseni. Zaidi ya hayo, kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa kiasi kikubwa ni picha za kurasa za mbele za kampuni zilezile, zikiambatana na sauti ya mtu asiyejulikana mwenye uhakika mkubwa. Palipo na kimya cha mwenye jina, huzuka kelele ya asiye na jina, na mwananchi hubaki kuchagua kati ya kutojua na kudanganywa.

*Pingamizi la pili:* Kampuni hizi zenyewe ni waathirika wa dola. Jibu: ni kweli, na ushahidi tumeutoa sisi wenyewe. Machi 28, 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitamka kwamba vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini mwathirika anaweza pia kuwa na nguvu juu ya mwingine. Kampuni ikifungiwa siku 30 hupoteza mapato, kisha hufunguliwa. Kijiji kisichoandikwa hakina siku ya kufunguliwa.

*Pingamizi la tatu:* Bila kampuni kubwa, Mtua isingejua chochote. Jibu: tunalikubali bila masharti. Habari ya kushuka kwa shilingi ilitolewa na kampuni kubwa, na ndiyo iliyoadhibiwa. Gazeti la Tabata likiuliza swali, waziri hujibu. AMCOS ikiuliza, hupewa tarehe ya kikao. Ndiyo maana kimya cha wenye uwezo wa kuuliza kina gharama. Mtu bubu asiposema hatumlaumu.

Hitimisho na mapendekezo

Kimyalojia ina matumizi ya nyumbani. Taarifa ya habari ya saa mbili ikiisha, msikilizaji ajiulize mambo matatu: ni nani aliyetajwa lakini hakuulizwa, ni nani aliyelipia usafiri wa mwandishi, na tukio lenye utepe limekaa mahali pa uhaba gani usio na tarehe. Mwenye kulizoea zoezi hili kwa msimu mmoja wa korosho ataona taarifa ya habari ina kurasa mbili, na kwamba yeye ameonyeshwa moja.

Kwa serikali, pendekezo ni kuondoa kabisa mamlaka ya kulifungia gazeti mikononi mwa ofisi inayoandikwa na gazeti hilo, na kuiachia mahakama.

Kwa kampuni kubwa, pendekezo ni moja, na halihitaji sheria mpya wala ruhusa ya waziri: kila wilaya ya Lindi iwe na mwandishi anayelipwa mshahara, asiyesubiri gari la mgeni rasmi, mwenye kazi ya kurudi kwenye zahanati miezi sita baada ya utepe na kwenye ghala wiki sita baada ya mnada. Gharama isiwe kisingizio. Kampuni inayoweza kuleta gari la matangazo, kamera na watangazaji mpaka Ruangwa kwa ajili ya dakika tisini za Namungo, inaweza kumlipa mtu mmoja mwaka mzima akae hukohuko baada ya filimbi. Isipomlipa, tusiseme imeshindwa. Imechagua.